Vidole Vinne Kwenye Matope: Somo la Kusoma Nyayo na Kutafsiri Ushahidi

Sentensi moja

Miaka michache iliyopita mwalimu wetu alitutuma kukusanya simulizi fupi kwa Kiswahili cha Bukavu na vijiji vya jirani, kisha tuzitafsiri kwa Kifaransa. Mimi nilikwenda upande wa Miti, kwenye kijiji kilicho kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Huko mzee mmoja, aliyefanya kazi ya kufuata nyayo msituni kwa miaka mingi, alinisimulia moja ya safari zake. Katikati ya simulizi alisema: "Ile nyama ilisimamaka pale mu matope, vidole ine, na muguu murefu sawa ya muntu."

Sentensi hiyo haina neno gumu hata moja. Nikaitafsiri hivi: "La bête se tenait debout dans la boue, avec quatre orteils et une jambe longue comme celle d'un homme." Yaani nilimpa msomaji wangu mnyama aliyesimama wima, mwenye vidole vinne tu vya mguu, na mguu mrefu kutoka pajani hadi kisiginoni kama wa mwanadamu. Mnyama huyo hakuwemo katika simulizi ya Mzee. Nilimzaa mimi, juu ya meza ya maktaba, nikiwa na kamusi mkononi.

Makala hii inatokana na kosa hilo. Hoja yake ni kwamba unyayo haufiki kwetu peke yake. Unafika kupitia kinywa cha aliyeuona na kalamu ya aliyemwandika. Kwa hiyo, anayetaka kupima ushahidi wa nyayo za mnyama wa hadithi, hasa katika nchi yenye lugha nyingi kama yetu, hana budi kupima tafsiri kabla ya kupima unyayo.

Kikomba na kakundakari

Kwa nini tafsiri yangu iliaminiwa haraka? Kwa sababu mahali pa kuiweka palikuwa tayari.

Misitu ya mashariki mwa Kongo ina masimulizi ya viumbe wenye umbo la sokwe wanaotembea wima. Majina mawili yamesafiri mbali kuliko mengine: kikomba, anayesemwa kuwa mkubwa, na kakundakari, anayesemwa kuwa mdogo. Aliyeyafikisha Ulaya ni Charles Cordier, Mswisi aliyekuwa akikamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama. Hakuwa mtu wa porojo. Mwaka 1949 ndiye aliyefikisha New York tausi wa Kongo walio hai, ndege ambaye wataalamu walikuwa wamemtambua mwaka 1936 tu. Alipoishi Kivu, alikusanya maelezo ya wawindaji pamoja na michoro ya nyayo, na mwaka 1963 akachapisha makala kuhusu viumbe hao wawili katika jarida la Genus la Italia. Mwaka 1980 Bernard Heuvelmans alivirudia visa hivyo katika kitabu chake Les bêtes humaines d'Afrique. Mpaka leo hakuna mwili, fuvu wala mfupa wa kikomba uliothibitishwa na wanasayansi. Kilichopo ni maneno na nyayo.

Hapa mwanafunzi wa lugha anapata onyo lake la kwanza. Sikio la mtu wa Bukavu likisikia "kakundakari" linasikia mara moja ile ka- yetu ya katoto, kanyumba na kadogo, na kwa kuwa kiumbe mwenyewe anasemwa kuwa mdogo, tunadhani tumelifungua jina. Lakini sikio si etimolojia. Jina la msituni lapaswa kuulizwa kwa wasemaji wa lugha lilikotoka, silabi kwa silabi, kabla ya kulivalisha sarufi yetu.

Nilipoisoma tafsiri yangu darasani, mwenzangu mmoja aliyekuwa amemsoma Heuvelmans alipiga meza akasema: "Kikomba huyo!" Tulicheka, lakini tulifurahi pia. Karatasi yangu ikanakiliwa, ikapita mkono kwa mkono chini ya kichwa kipya ambacho sikukiandika mimi, wala sikukikataa: ushahidi wa kikomba kutoka Kahuzi.

Mmoja wa waliosoma nakala hiyo alikuwa mjukuu wa Mzee. Baada ya wiki chache habari ilikuwa imefika kijijini, na vijana wakaanza kumwita mzee huyo kwa jina la zimwi. Mtu ambaye heshima yake yote ilitokana na kusema kile tu alichokiona ardhini, sasa alionekana mtunga ngano. Mjukuu alinifuata uani akaniambia kwa upole: "Tate anakuita. Anasema umuletee ile karatasi."

Ngumi kwenye matope

Nilikwenda. Mzee hakunikaripia. Alinisikiliza nikimsomea Kifaransa changu na kukigeuza tena kuwa Kiswahili, kisha akasema: "Kijana, uliandika kitu yenye sikusema."

Akamwagia maji kwenye udongo wa kando ya nyumba, akaukanda kwa kisigino, akainama. Alikunja vidole vya mkono wa kuume, akakandamiza ngumi iliyolegea kwenye tope. Vilibaki vishimo vinne, kimoja kando ya kingine. "Vidole ine," akasema. Kisha nyuma kidogo ya vishimo hivyo akakanyaga kwa mguu mtupu, akaubonyeza mpaka kisigino kikazama. "Na muguu."

Alichonionyesha ndicho ambacho kila mfuata nyayo wa Kahuzi-Biega anakijua. Gorila hutembea kwa miguu na mikono. Mikono yake haigusi ardhi kwa kiganja, bali kwa migongo ya vidole vinne vilivyokunjwa, na kidole gumba hakigusi. Nyuma ya alama hiyo ya mkono hufuata unyayo wa mguu, wenye kisigino kinachoonekana na vidole vitano, ila kidole gumba kimejitenga kando na kuelekea nje. Kwetu binadamu kidole gumba cha mguu kimelala sambamba na wenzake. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kujibu swali langu, kama ningeliuliza.

Mzee aliniongezea jambo la pili: mara nyingine mguu wa nyuma unakanyaga palepale mkono ulipotoka, na alama mbili zinageuka kuwa alama moja ndefu ya ajabu. Matope yakiteleza, unyayo unatanuka. Mvua ikinyesha, kingo zinabomoka. Jambo kama hilo hutokea hata mahali pasipo na matope: mwaka 1951 Mwingereza Eric Shipton alipiga picha ya unyayo mkubwa kwenye theluji ya Himalaya, nayo ikawa nguzo ya hadithi ya yeti. Lakini theluji hupanua alama inapoyeyuka juani, na unyayo mmoja hauwezi kukuambia ulikuwa na ukubwa gani saa ulipokanyagwa.

Ndiyo maana wafuata nyayo hawasomi unyayo mmoja. Wanasoma njia nzima: urefu wa hatua, kama alama za mikono zipo au hazipo, majani yaliyotafunwa, kinyesi, na mwisho viota. Gorila hutengeneza kiota kipya kila jioni, na viota vya usiku mmoja huonyesha kundi lina wanyama wangapi. Unyayo mmoja ni kama neno moja lililokatwa kutoka kwenye mazungumzo. Njia nzima ni mazungumzo yenyewe.

Maneno manne yaliyonipoteza

Turudi sasa kwenye sentensi. Kosa langu halikutokana na kutojua Kiswahili. Lilitokana na kukijua kwa mazoea.

Neno la kwanza ni kusimama. Katika Kiswahili gari linasimama, mvua inasimama, na mtu aliyekuwa ameketi anasimama. Kifaransa kinadai uchague: s'arrêter au se tenir debout. Mzee alikuwa amesema kwamba mnyama aliacha kutembea. Mimi nikamwinua kwa miguu miwili. Nawaomba wasomaji wapime uzito wa jambo hili: tabia inayomtofautisha kikomba na sokwe yeyote, yaani kusimama wima, inaweza kuzaliwa na kitenzi kimoja tu kilichotafsiriwa upande usio wake.

Neno la pili ni kidole. Kwetu kidole ni cha mkono na cha mguu pia. Tukitaka kutenganisha, tunaongeza maneno. Kifaransa kina doigt na orteil. Mzee alisema vidole vinne akiwa na maana ya mkono, nami nikaviandika kuwa vya mguu, kwa sababu neno lililofuata lilikuwa mguu. Hivyo nikatengeneza mguu wenye vidole vinne, ambao hakuna sokwe anao.

Neno la tatu ni mguu. Linabeba pied na jambe kwa pamoja, kama vile mkono unavyobeba main na bras. "Muguu murefu" katika kinywa cha mtu anayezungumzia matope ni wayo mrefu. Paja haliachi alama kwenye tope. Muktadha ulikuwa mbele ya macho yangu, na sikuutazama.

Neno la nne ni dogo kuliko yote: sawa. Katika Kiswahili sanifu sawa humaanisha kutopungukiwa wala kuzidi. Katika Kiswahili cha Bukavu, "sawa ya muntu" ni kulinganisha tu, kama tunavyosema mtu ana mbio sawa ya swala bila kumaanisha kwamba ana kwato. Hapa Kifaransa changu hakikukosea neno, maana comme ni tafsiri nzuri ya sawa. Waliokosea ni wasomaji, nikiwamo mimi: tulisoma ulinganisho kana kwamba ni utambulisho. Kutoka "kama wa mtu" tulifika kwa "mtu-mnyama" bila kuvuka daraja lolote.

Wala si sisi wa kwanza. Mwaka 1870, akiwa Manyema, David Livingstone aliandika katika shajara yake juu ya mnyama aitwaye soko, ambalo ni jina la jamii moja na sokwe wetu. Yeye alimdhania kuwa gorila, na wengi waliomchunguza baadaye wanaona kwamba alikuwa sokwe mtu. Jina lilikuwa sahihi kwa waliolitumia. Lililopotea ni mpaka wa maana yake.

Kwato za okapi

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ya kosa langu ni kutomwamini shahidi. La. Kosa la upande wa pili lilishafanyika katika msitu huuhuu wa Kongo, na lilifanywa na mtu mwenye cheo.

Mwaka 1890 Henry Morton Stanley aliandika kwamba Wambuti wa Ituri wanamjua mnyama afananaye na punda. Harry Johnston, aliyekuwa akiiongoza Uganda kwa niaba ya Uingereza, aliingia Kongo mwaka 1900 kumtafuta. Wenyeji walimwonyesha nyayo zake ardhini. Johnston alikataa kuziamini, kwa sababu zilikuwa na kwato zilizogawanyika mara mbili, na yeye alikuwa akitafuta mnyama wa jamii ya farasi, mwenye ukwato mmoja. Hata vipande vya ngozi alivyopeleka London vilipewa kwanza jina la kisayansi la jenasi ya farasi. Mwaka 1901, ngozi kamili na mafuvu yalipofika, ilidhihirika kwamba mnyama huyo, okapi, ni ndugu wa twiga. Nyayo zilikuwa zimesema kweli tangu siku ya kwanza, na walioonyesha nyayo hizo pia.

Tazameni jinsi kosa lilivyofanyika. Wenyeji walilinganisha: kama punda. Msafiri akasikia: ni punda. Kisha, ardhi ilipompinga, akaliamini neno alilolitafsiri vibaya kuliko alama aliyoiona kwa macho yake. Mimi niliona mnyama wa hadithi kwenye nyayo za kawaida, na Johnston aliona nyayo za kawaida mahali palipokuwa na mnyama mpya. Sote wawili tulikuwa na mnyama kichwani kabla ya kusikiliza.

Sokwe wa Bili

Mfano wa tatu uko katikati. Kuanzia mwaka 1996 Karl Ammann, mpiga picha Mswisi, alifuatilia habari za sokwe wakubwa wa msitu wa Bili, kaskazini mwa nchi yetu, katika Bas-Uele. Kulikuwa na nyayo kubwa kupita kiasi, viota vilivyojengwa ardhini kama vya gorila, na fuvu lenye ukingo wa mfupa utosini. Wengine wakatangaza kwamba huenda ni sokwe wa aina mpya, au mchanganyiko wa gorila na sokwe mtu.

Uchunguzi wa vinasaba ulipofanyika, jibu lilikuwa sokwe mtu wa mashariki, jamii inayojulikana. Lakini watafiti waliobaki Bili, hasa Cleve Hicks, walithibitisha kwamba sokwe hao wana desturi zao, na kwamba kweli hulala ardhini mara nyingi. Ushahidi wa njia ulikuwa wa kweli. Uliozidi ulikuwa hitimisho. Ni tofauti ambayo mtafsiri anapaswa kuishika: shahidi huwajibika kwa alichokiona, na hitimisho lina mwenyewe mwingine.

Hatua za kazi

Kutokana na hayo, napendekeza kwa wenzangu watakaotumwa vijijini utaratibu huu.

Kwanza, andika maneno ya shahidi kama yalivyotamkwa, kwa Kiswahili chake au kwa lugha yake, kabla ya kufikiria Kifaransa. Nakala asili ibaki kando ya tafsiri daima.

Pili, andika ishara za mwili. Mzee alikunja vidole siku ya kwanza pia. Nilimwona, lakini daftari langu halikuwa na nafasi ya mkono.

Tatu, kila neno lenye maana mbili liulizwe palepale, kwa swali lisilo na jibu ndani yake. Usiulize, "Alisimama wima?" Uliza, "Alisimama namna gani?"

Nne, mwombe shahidi achore au afinyange alama, kisha apange alama zote kwa mfuatano wa njia. Kama nyayo zenyewe bado zipo, piga picha ukiwa umeielekeza kamera chini moja kwa moja, kalamu au rula ikiwa kando yake, na upime umbali kati ya hatua.

Tano, tenganisha mistari mitatu: alichokiona, alichokilinganisha nacho, na alichokidhani. Usiruhusu mstari mmoja kuingia katika mwingine.

Sita, msomee shahidi tafsiri yako kabla haijatoka mikononi mwako. Mimi niliifanya hatua hii mwisho, tena kwa kuitwa.

Si mchezo wa maneno tu. Gorila wa Kahuzi-Biega ni wa jamii ya Grauer, ambayo haipatikani mahali pengine duniani ila mashariki mwa Kongo. Kabla ya vita vya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa kama 17,000. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yalikuwa kama 3,800. Makadirio yaliyofuata mwaka 2021 yalipanda hadi 6,800, na bado jamii hiyo imo hatarini kabisa. Hesabu za namna hii hutegemea kwa sehemu kubwa alama zilizoachwa ardhini: viota, vinyesi, njia. Kila njia ya gorila inayogeuzwa kuwa njia ya kikomba ni gorila mmoja anayetoka katika habari za kweli na kuingia katika ngano, na mfuata nyayo mmoja ambaye hataulizwa tena.

Kilichobaki

Nilirudia tafsiri. Safari hii niliandika kwamba mnyama alisita kwenye matope, na kwamba palikuwa na alama za vidole vinne vya mkono na wayo mrefu kama wa mtu. Niliisoma darasani pamoja na ile ya kwanza, nikaeleza nilikokosea. Kisha nikapeleka nakala kijijini, na mjukuu akaisoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwapo.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaniuliza kama nimeelewa sasa kwa nini alinisimulia jambo lile. Nikasema, kwa sababu ya gorila. Akatikisa kichwa. Alama zile, akasema, zilikuwa zimezama kuliko zote zilizotangulia, na ukingo wake ulikuwa umesukumwa huku na huku. Maana yake dume lilikuwa limesita, limehamisha uzito, limesikiliza. Lilikuwa limewasikia. Kwa hiyo naye aliinua mkono, na watu wote waliomfuata wakasimama. Walikaa kimya mpaka waliposikia matawi yakivunjika mbali zaidi, ndipo wakageuza njia. Hakuna aliyeumia.

Neno nililolikosea ndilo lililokuwa simulizi yenyewe.